Ng'ambo Hakuna Mtani

Wazazi bado wananijia. Wanakaa barazani kwangu, wanakunywa kahawa yangu, wanazunguka na habari za mvua na mavuno ya korosho, kisha wanaliteremsha jambo lenyewe: mtoto amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, je, aende au asiende? Wengine wanataka nikatae, ili lawama iwe yangu. Wengine wanataka nikubali kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Wote nawapa jibu moja. Aende. Ila kabla hajaenda, aulizwe: ukifiwa huko, nani atakutukana?

Hapo huanza kutazamana. Wanadhani uzee umenizidi. Basi nitalieleza mara moja, kwa maandishi, nisisumbuliwe tena.

Mimi ni mtoto wa vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa Kivinje, na niliyakuta haya enzi za Mwingereza. Kwetu kila ukoo una watani wake. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako akapakua chungu kizima, akakuita mchawi mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, umejitoa katika watu. Kazi yake hasa huonekana siku ya msiba. Wenye msiba wanalia, yeye anaingia akiigiza mwendo wa marehemu, kikohozi chake, hata ubahili wake. Anajilaza kaburini kabla maiti hajateremshwa, anakataa kutoka mpaka abembelezwe. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na kilio kilichokuwa kimekwama kifuani kinapata njia.

Mtani wa baba yangu alikuwa mwanamke mmoja mfinyanzi aliyekaa ng'ambo ya bonde. Mabega mapana, sauti ya kufukuzia ngedere. Baba alichechemea mguu wa kushoto tangu ujana, na huyu mama alimwita Mguu wa Kuku mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mwalimu wa madrasa. Baba naye alimwita Chungu cha Ufa. Akija kwetu, huondoka na jogoo kwapani, anatuonyesha kabisa kwamba anaiba. Nikimwamkia shikamoo, hajibu marahaba; ananiuliza kama bado nakojoa kitandani. Sijawahi kumwona baba amefurahi kama siku alizotukanwa na mwanamke yule.

Nilisoma Kivinje, nikapelekwa shule ya mbali bara, na mwishowe serikali ikanipa msaada wa kwenda kusomea ualimu Uingereza, chuo kikuu. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alinipa mkono hadharani, akangoja nishukuru. Nikashukuru, lakini si kwa kirefu kile alichokitaka. Sharti la msaada lilikuwa moja: nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, basi. Atakayerudi kabla ya kumaliza amejitoa mwenyewe.

Baba mdogo, mdogo wake baba kwa tumbo moja, hakuipenda safari hiyo hata kidogo. "Atarudi anakula kwa uma na hajui kumwamkia mtu," alimwambia baba. "Tena mtoto mkubwa wa nyumba hasafiri. Nani atakuzika?"

Baba alikuwa anasuka tenga, hakuinua uso. "Wao wamekuja wakaona tunavyolala," alisema. "Na yeye aende akaone wanavyolala wao."

Nikaenda.

Sitasema uongo kwamba niliteseka tu. Ng'ambo ilinipa vitu ambavyo Kilwa ya Mwingereza isingenipa maisha yangu yote. Nilimwona Mzungu anafagia barabara. Nilimwona mwingine amelewa, amelala kwenye ngazi za benki, na polisi wa Kizungu anamburura kwa kola ya koti. Kwetu tulijua Mzungu wa aina moja, yule anayekaa kitini wakati wewe umesimama. Siku ile nilirudi chumbani nikicheka peke yangu njia nzima, na woga fulani niliozaliwa nao haukunirudia tena. Nilipata maktaba, jumba lenye joto lililojaa vitabu, na hakuna anayekuuliza unatafuta nini. Nilikutana na vijana wa Afrika Magharibi waliozungumza habari za kujitawala wakila viazi, kama mtu anavyozungumza habari za kupanda mihogo. Na nilijifunza kwamba mwanafunzi anaweza kumkatiza mwalimu akamuuliza, "Umejuaje?" na asichapwe. Kwa hilo pekee ningeogelea kwenda.

Ubaya wake nao nitausema. Mji wenyewe ulikuwa wa viwanda vya nguo, moshi umezipaka nyumba zote rangi ya sufuria. Baridi ilinipasua midomo. Chakula hakikuwa na chumvi, ndimu wala pilipili, na nusu yake sikuweza kukila kwa ajili ya dini. Ramadhani iliangukia majira ambayo siku za kule ni ndefu, jua linakataa kuzama, kaidi kuliko mimi. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mjane, mtu mwema. Aliifunika sahani yangu akaniwekea mpaka saa ya kufuturu, ingawa hakuelewa ninajitesa kwa nini. Simlaumu yeye. Siwalaumu hata wale walioniuliza kama kwetu tunalala juu ya miti. Hao niliwajibu kwamba ndiyo, na gavana wao tumempa tawi la juu kabisa.

Kilichonichosha ni ustaarabu. Unamkanyaga mtu, anaomba radhi yeye. Miezi inapita hakuna mtu aliyekuambia una sura mbaya. Unaanza kujiuliza kama upo.

Simu ya maandishi ilinikuta mezani, asubuhi, yai langu halijamenywa. Karani wa posta ya Kilwa aliiandika kwa Kiingereza, maneno machache: baba amekufa, amezikwa, rudi. Hilo la mwisho nililijua ni la baba mdogo. Nilisikia sauti yake mle ndani ya Kiingereza cha karani.

Nilikwenda ofisi ya chuo. Wakaniambia kwa upole kwamba niko huru kwenda, lakini nafasi nitaipoteza na sitapata nyingine. Nilitoka nikatembea kando ya mfereji wao wa maji machafu mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Sikurudi. Naliandika hilo bila kuinamisha kichwa. Baba alikuwa ameshazikwa. Hata ningeondoka na meli ya kwanza, ningekuta majani yameota juu ya kaburi. Ningemkuta baba mdogo amekaa mahali pa baba, na mimi ningekuwa kijana aliyekwenda mbali akarudi mikono mitupu. Nilimwandikia kwamba nina huzuni na kwamba nitamaliza. Hakunijibu.

Basi nikabaki na msiba wangu, na hapo ndipo nilipojua ng'ambo ni nini. Mama mwenye nyumba alifunga mapazia, akaanza kuongea kwa kunong'ona, kama kwamba mgonjwa ni mimi. Wanafunzi wenzangu walinipisha koridoni. Waliniambia pole wakitazama viatu vyao, kisha wakaacha kuja chumbani, kwa heshima. Kila mtu aliogopa kulitaja jina la baba yangu. Nami nilitaka litajwe, nilitaka lichezewe, nilitaka mtu aingie bila kubisha hodi aniambie marehemu alikuwa mlafi wa karanga, jambo ambalo lilikuwa kweli. Machozi hayakutoka. Yalikaa hapa, chini ya koo, yakageuka jiwe.

Siku moja nilimfuata mwenzangu kutoka Kenya, kijana mwenye adabu zake, nikamwambia, "Nitukane."

Akashtuka. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Baba yangu amekufa. Niambie amekufa kwa uroho. Niambie mguu wake sasa umepumzika. Sema lolote."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, ndugu yangu," akasema.

Nusura nimpige ngumi.

Wiki hizo hizo tulikuwa na somo kuhusu desturi za watu wa makoloni. Mwalimu alikuwa bwana mwembamba aliyewahi kupita Afrika, akachukua picha. Akafika kwenye utani. Akasema, na darasa zima linaandika, kwamba makabila fulani huwatukana wafiwa na kufanya mzaha mbele ya maiti. Kwamba hiyo ni dalili kuwa mtu wa asili hana huzuni ya kina. Na kwamba mila hiyo itakufa yenyewe elimu ikienea.

Nilisimama. Sikunyosha mkono kwanza.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

Akasema ameona kwa macho yake.

"Ulikuwa umefiwa wewe?"

Akasema hapana.

"Basi uliona watu wanacheka, hukuona walichokuwa wanafanya. Baba yangu amekufa majuzi. Katika mji huu wote hakuna mtu hata mmoja aliyenitukana. Mmeniacha peke yangu na maiti. Ninyi ndio hamjui msiba, bwana. Mnafunga mapazia."

Hakuna kalamu iliyoandika hayo. Baadaye niliitwa kwa mkuu wa idara, nikaambiwa niombe radhi. Nilisema nitaomba radhi kwa kupaza sauti, kwa kuwa mwalimu ni mkubwa wangu na kwetu hatupazi sauti mbele ya mkubwa. Kwa maneno yenyewe sitaomba. Mkuu akasema radhi ya sauti inatosha kwake, akaniruhusu niende. Nilikwenda nikamwomba mwalimu radhi ya sauti peke yake. Alipokea. Somo lile alinipa alama ya chini kabisa ya kufaulu, nami niliichukua.

Nilimaliza. Nilivaa joho lao, nikapiga picha, nikapanda meli. Baba alikuwa na zaidi ya mwaka ardhini niliposhuka Dar es Salaam, nikachukua meli ndogo ya pwani hadi Kilwa, kisha lori la muhogo mpaka barabara ilipokomea, na kutoka hapo miguu yangu.

Mama alinipokea uani. Alinishika uso, akanigeuza huku na huku kama mtu anayekagua nazi, akasema nimekonda. Kisha akaninong'oneza, "Baba yako mdogo ameita watu."

Kweli walikuwepo, wanaume wa ukoo, wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya baba. Kile kigoda alichokikalia baba akisuka matenga kilikuwa katikati, kitupu. Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, ili wasipate la kusema. Nilipotaka kukaa mkekani, baba mdogo aliweka mkono wake pale nilipotaka kukaa.

"Mkeka huu ni wa waliomzika," akasema.

Nikabaki nimesimama.

Alisema mengi, mengine yakiwa kweli. Kwamba maiti ya kaka yake ilitoka nyumbani bila mtoto wake mkubwa kushika jeneza. Kwamba watu waliuliza, naye akakosa la kujibu. Kwamba udongo wa kwanza aliutia yeye, kwa mkono wake, wakati kazi ile haikuwa yake. Hapo sauti ilimkatika kidogo, na nilimwonea huruma, lakini aliendelea. Akasema kama nataka kuwa mtoto wa nyumba ile tena, nitakwenda kaburini mbele ya watu wote nipige magoti, niseme kwamba Ulaya ilinidanganya na kwamba nilikosea kubaki. Nisiposema, mimi ni mgeni. Nitapewa maji na ugali kama mgeni yeyote, kisha nionyeshwe njia.

"Nitasema nina huzuni," nilijibu. "Nitapiga magoti pia. Lakini sitasema nilikosea, kwa sababu sikukosea."

"Mtoto asiyezika hana baba."

"Baba ndiye aliyenituma, baba mdogo. Ulikuwepo."

"Na akafa akikuita!"

Hilo sikuwa nalijua. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Ningeweza kusema yale maneno wakati ule, yalikuwa mafupi tu. Ningeyasema, ningekaa mkekani, na kila mtoto wa Umatumbi ambaye angetaka kwenda kusoma baada yangu angeonyeshwa mimi: mwulizeni yule, alikwenda, akarudi akatubu. Sikuyasema.

Wakaniacha nje ya mkeka. Nililala kwa mama, nikaletewa chakula changu peke yangu kwenye sahani ya wageni. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Wanaume walikaa, mimi nilisimama, baba mdogo aliuliza, nami nikakataa. Mama hakuwa na kauli katika baraza lile. Alichukua ungo wake akasema anakwenda kuomba chumvi ng'ambo ya bonde.

Jioni, jua bado lipo, tukasikia kikohozi nyuma ya migomba.

Nakijua kikohozi kile. Kinaanza kikavu, kinapumzika, kisha kinamalizia kwa kuguna. Akatokea mtu amevaa kanzu ya baba na kofia ya baba, ameshika bakora ya baba, anachechemea mguu wa kushoto. Alikuwa mtani wa baba, yule mfinyanzi; mavazi aliyachukua siku ya msiba, kwa haki yake. Mabega yalikuwa mapana mno kwa ile kanzu, ilikuwa inapasuka kwapani. Lakini mwendo ulikuwa ule ule.

Mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa mkekani, aliinuka akasema amekumbuka udhu, akaondoka zake; nadhani aliona ni bora asione.

Mtani alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda, akakaa, akanyosha ule mguu kwa kuguna. Akamtazama baba mdogo.

"We mdogo wangu, nimekufa juzijuzi tu, umeshazeeka hivyo? Na karanga zangu nani amekula?"

Baba mdogo alikunja uso, akakumbuka ni nani anayemsemesha, akaukunjua. Hakuwa na ruhusa ya kununa.

Kisha mtani akanigeukia mimi. "Na huyu mwenye viatu ni nani?"

"Ni mimi, baba," nikasema. Sikupanga kusema baba. Lilitoka.

"Sina mtoto mwenye kichwa kibaya hivyo. Ulikuwa wapi nilipokufa?"

Kicheko kilikoma.

"Nilikuwa nasoma."

"Mimi nakata roho, wewe unasoma! Nilikuita."

"Sikusikia, baba. Ni mbali."

"Ukamaliza?"

"Nilimaliza."

"Mjinga wewe," akasema, kwa sauti ya baba hasa, ile aliyoitumia alipotaka kuficha kwamba amependezwa. Akainuka, akakohoa, akashika kifua. Akayumba, akaanguka chali uwanjani mbele ya mikeka, mikono ubavuni, macho amefumba.

Tulimtazama. Akafumbua jicho moja.

"Mbona mmekaa? Nimekufa. Nizikeni. Au yule mwenye viatu atachelewa tena?"

"Hajaomba msamaha," baba mdogo akasema.

"Mimi maiti," akasema mtani, jicho limeshafumbwa, "sina shida na maneno. Nataka udongo."

Nikapiga magoti. Nilichota udongo mwekundu wa uwanja wetu kwa mkono wa kulia. Nilitaka kuutia kimya kimya, lakini lile jiwe la kooni lilikuwa limeanza kusogea, nikaona nisipoongea sasa sitaongea milele.

"Baba," nilisema, na wote walisikia, "ningesikia unaniita, ningelia usiku na mchana. Lakini ningemaliza kwanza. Na leo ukinituma, nakwenda tena."

Nikautia udongo juu ya kanzu. Nikachota tena, nikautia. Mara ya tatu nilichota mwingi mno, ukamwangukia usoni.

Maiti akapiga chafya. Akainuka nusu, akatema mchanga, kofia imemwangukia puani. "Punguani mkubwa! Wazungu wamekusomesha miaka yote hiyo na hata kuzika hujui! Umenijaza udongo puani!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nami nilicheka, na katikati ya kicheko sauti yangu ikageuka, ikawa ile niliyokuwa nimeitafuta katika mji mzima wa moshi nisiipate. Nililia kama mtoto, nimejikunja palepale chini, na hakuna aliyeninong'oneza wala kunipisha. Mtani alinitukana bila kupumzika. Niliposhindwa kuvuta pumzi, mtu alinishika mabega kutoka nyuma, akaniinua, akanikalisha mkekani karibu yake. Alikuwa baba mdogo, naye uso wake ulikuwa umelowa. Sikumwomba msamaha, na yeye hakuuliza tena.